Saba Waliopo na Mmoja Asiyekuwepo

Nchi hii haipo. Wanaoishi ndani yake watakuambia hivyo hivyo, hasa ukiwauliza mbele ya mtu mwenye sare. Lakini hadithi lazima ikae mahali, kwa hiyo tuiite Jamhuri ya Shwari, tuendelee.

Jamhuri ya Shwari ilijaliwa pwani ndefu, miamba mingi chini ya maji, na Sheria ya Utulivu wa Bahari. Sheria hiyo ilipitishwa kwa makofi siku moja tu baada ya wageni wa heshima kutapika mbele ya Rais kwenye meli ya sherehe. Kifungu cha kwanza kilisema bahari ya Jamhuri imetulia. Kifungu cha pili kilisema atakayeiona haijatulia atakuwa ameitazama vibaya. Kifungu cha tatu kilikuwa cha huruma: raia mwenye haja ya kuzama aliruhusiwa kuomba kwa fomu ya nakala tatu, siku saba kabla ya kuzama kwenyewe, akiambatanisha picha mbili ndogo.

Huko Ras Kilemba, mahali barabara inapokata tamaa, kulikuwa na kituo cha uokoaji, na kwenye kituo hicho kulikuwa na mtu anayeitwa Mbaruku Shomvi. Mbaruku hakutaka makubwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiiomba Serikali kitu kimoja: imletee mtu. Mmoja tu, awe mrefu au mfupi, mjuzi au mjinga, ilimradi awe na pumzi na aweze kuitika akiitwa.

*

Kituo chenyewe kilikuwa cha zamani. Kilijengwa mwaka ule meli ya barua ilipopasuka kwenye Jiwe la Bibi, na abiria wakafa karibu na nchi kavu kiasi kwamba waliokuwa ufukweni waliwasikia wakiwaita mama zao. Watu wa Ras Kilemba hawakuweza kulala baada ya hapo. Waliunda mashua yenye tumbo pana, wakaiwekea masanduku ya hewa mbele na nyuma ili ikipinduliwa na wimbi ijigeuze yenyewe. Wakaipandisha juu ya gari la magurudumu manne makubwa, ili ivutwe kwa kamba mpaka majini. Ilitaka watu wanane: sita wa makasia, mmoja wa kamba mbele, na mmoja wa usukani.

Mara ya kwanza walipoitumia walikuwa na haraka, wakatoka watano. Makasia hayakutosha, mkondo ukawabeba, na wote watano wakaishia palepale kwenye jiwe. Tangu siku ile ukawekwa mwiko, na haukuwekwa na Serikali. Mashua haigusi maji mpaka majina manane yaitwe na manane yaitike. Mbaruku alifundishwa hayo na nahodha wake wa kwanza akiwa kijana, na aliyashika kama mtu anavyoshika swala.

Mashua ilikuwa imebadilishwa jina kila alipokuja waziri mpya, na kila jina lilipakwa juu ya lingine, mpaka rangi ikawa nene na mashua ikaongezeka uzito. Kwa sasa iliitwa *Dira Endelevu ya Mheshimiwa*. Wenyewe waliiita Mama.

Ndipo Serikali ikaamua kuboresha. Makao Makuu ya Uokoaji wa Baharini yalihamishiwa mji mkuu, safari ya siku mbili kwa basi kutoka kwenye maji yoyote ya chumvi, kwa sababu za kiusalama: bahari isingeweza kufika huko. Wenzake Mbaruku wakaanza kupandishwa vyeo. Mmoja akawa Mkurugenzi wa Mawimbi. Mwingine akawa Afisa Mwandamizi wa Kupwa na Kujaa, akapewa dirisha linalotazama kituo cha mafuta. Wote saba waliondoka, wakiahidi kuandika. Mbaruku hakupandishwa kwa sababu siku fomu zilipoletwa yeye alikuwa zamu, akitazama bahari.

*

Baada ya mwaka mmoja ilifika barua. "Watumishi wapya saba wamewasili kituoni kwako. Wapokee." Chini yake yaliandikwa majina: Sefu Karama, Mrisho Tindwa, Kassimu Ubwa, Ligola Chande, Nassibu Pera, Dossa Makwega na Vuai Kidege.

Mbaruku alifurahi kama mtoto wa Idi. Alifagia bweni, akatandika vitanda saba, akapika wali wa watu wanane na samaki wa kupaka, kisha akaenda kukaa kwenye kituo cha basi. Basi la siku ile lilishusha mama mmoja na kuku wake. La kesho yake lilishusha gunia. La siku ya tatu halikuja kabisa. Wali ule aliula peke yake mpaka ukachacha.

Akaandika kwamba hawajafika. Akajibiwa kwamba wamefika, wametia saini kitabu cha mahudhurio, na awape ushirikiano. Akaandika tena, kwa adabu zote, kwamba basi angalau aletewe mtu mmoja. Jibu lilikuwa na muhuri mkubwa: "Kituo chako kina watu wanane. Wenzako saba hawajawahi kulalamika hata mara moja. Jifunze kwao."

Inasemekana mji mkuu kulikuwa na mtu aliyewapenda sana wale saba, hasa mwisho wa mwezi.

Mbaruku akaanza kuwaita. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alisimama kando ya Mama, akavuta pumzi na kuita jina moja moja kwa sauti ya kazi, na baada ya kila jina alinyamaza kwa muda unaomtosha mtu kuitika. Mwanzoni alifanya hivyo kwa sababu ya mwiko. Baadaye akaanza kuwajua. Sefu Karama alimwona kuwa mrefu na mwenye hasira za karibu. Kassimu Ubwa alikuwa na kikohozi. Vuai Kidege alikuwa mchelewaji, ikabidi kila siku amwite mara mbili. Na Ligola waligombana, mwezi mzima hakukitazama kitanda chake. Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mpweke, na alijua kwamba ni mpweke, na kujua huko hakukumsaidia lolote.

Watu wengine walikuwepo, ila kwa mbali. Maji yakitoka, akina mama wa mwani walishuka kwenye fungu la mchanga kufunga mwani na kuvuna, wakiwa wameinama, kanga zimekunjwa magotini. Lakini kati yao na kituo palisimama kibao cha Wizara: "Hatua thelathini. Wasiohusika wasikaribie chombo cha Serikali, wala mtumishi asiwakaribie wao." Mbaruku hakuwahi kuvunja amri. Kwa miaka kumi na moja yeye aliinua mkono, na wao wakainua mkono, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao yote.

*

Siku moja ikaja Kamati ya Uhakiki wa Watumishi. Jamhuri ilikuwa imegundua kwamba ina watumishi hewa, na ilikuwa imekasirika sana, kama mtu anavyokasirika akikuta kiatu chake mguuni mwake. Kamati iliongozwa na Mheshimiwa Galinoma, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Alifuatana na karani wake, Bwana Kipeto, wajumbe wawili waliokuwa wamelala tangu mji mkuu, na mpiga picha.

Mbaruku alipoliona gari alihesabu vichwa. Watu watano kwa mpigo! Akatoa viti.

"Watumishi wako wapi?" akauliza Galinoma.

"Mimi hapa, mheshimiwa."

"Nauliza watumishi."

Kipeto akafungua sanduku, akatoa mafaili saba manene. Kila faili lilikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, taarifa ya daktari, alama za vidole na picha. Picha zote saba zilikuwa za mtu mmoja, anatabasamu mbele ya pazia, ila kwenye ya saba alikuwa amevalishwa miwani.

"Mbona wanafanana?" akauliza Mbaruku.

"Huo ndio umoja wa kitaifa," alisema Galinoma. "Kwa sasa wako wapi?"

"Mheshimiwa, nisamehe. Hawa watu hawajawahi kufika hapa hata siku moja."

Galinoma alikunja uso. Kipeto akamnong'oneza. Uso ukakunjuka.

"Andika, wako doria baharini."

"Mashua si hiyo hapo bandani?" alisema Mbaruku.

"Wametoka doria bila mashua?" Galinoma akavua kofia kwa heshima. "Andika hilo pia, Kipeto. Wapandishwe daraja."

Kisha likatafutwa faili la Mbaruku, likakosekana. Ilikuja kujulikana kwamba lilitumika miaka mingi kuinua mguu mfupi wa meza ya Mkurugenzi wa Mawimbi, mpaka mchwa walipolimaliza.

"Huna faili," alisema Galinoma. "Kwa hiyo wewe ndiye mtumishi hewa tuliyekuwa tunamtafuta."

"Lakini mheshimiwa, si mnaniona?"

"Kuona ni jambo la mtu binafsi. Serikali haiwezi kuendeshwa kwa kuona. Leo ukiruhusu watu wawepo kwa kuonekana tu, kesho kila mtu atakuwepo."

Wale wajumbe wawili wakaamka, wakapiga makofi, wakalala tena. Kipeto akaleta karatasi ya kuthibitisha kwamba Mbaruku Shomvi hayupo, akaomba saini yake.

"Nisaini jina gani?"

"Lako."

"Si halipo?"

Kipeto akafikiri. "Weka dole gumba."

Mbaruku akaweka. Funguo za kituo zilikabidhiwa rasmi kwa Sefu Karama, yaani ziliwekwa juu ya kiti kitupu, na mpiga picha akakipiga picha kiti.

"Nikishakuwa sipo, nitakaa wapi?"

"Swali zuri," alisema Galinoma kwa upole wa kweli, "ila mtu asiyekuwepo haulizi."

Mbaruku akatoka akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Iliuma. Miaka yote hiyo alikuwa amesubiri waletwe watu, na walipoletwa walimwondoa hata yule mmoja aliyekuwepo.

*

Kabla ya kurudi, Kamati ilitakiwa pia kuihakiki bahari. Boti ya Wizara ilikuwa imezunguka kutoka bandarini, imepakiwa hema, viti vya plastiki na keki ya kusherehekea miaka ya utulivu. Maji yalikuwa yametoka, lakini yalikuwa ya bamvua, na Mbaruku alijua yakianza kurudi yatarudi kwa nguvu. Akawafuata mpaka ukingoni.

"Msipite kusini. Kuna Jiwe la Bibi, na upepo ukigeuka halionekani."

Galinoma akakunjua ramani. "Jiwe hilo liliondolewa."

"Liliondolewa?"

"Kwenye ramani. Mwaka juzi. Lilikuwa linawatisha wawekezaji."

"Niandike onyo hili kwenye kumbukumbu?" aliuliza Kipeto.

"Limetolewa na nani?"

Kipeto akamtazama Mbaruku, akatazama karatasi yenye dole gumba. "Hakuna mtu, mheshimiwa."

"Basi usiandike."

Wakaondoka na muziki. Ilipofika saa tisa alasiri upepo uligeuka. Kwanza hema liliruka juu likaenda zake, kisha viti vya plastiki vikaanza kuja ufukweni kimoja kimoja, vimekaa wima. Mbaruku alisimama juu ya ukuta akaiona boti imelala ubavu juu ya jiwe ambalo halipo, na watu sita, dereva akiwemo, wameshikana, maji yakiwapita kiunoni. Aliyahesabu mawimbi. Walikuwa na nusu saa, pengine chini ya hapo.

Akakimbia, akasukuma milango ya banda, akashika kamba ya gari akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama hakutikisika. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, haijawahi kuwa. Akaiacha kamba. Hakujua afanye nini, na mtu asiyejua la kufanya hufanya lile alilolizoea: akasimama kando ya mashua, akaita.

"Sefu Karama!"

"Nipo!"

Mbaruku akageuka. Akina mama wa mwani walikuwa wamekwishapanda kutoka kwenye fungu kwa sababu ya maji kujaa. Bi Mwanahija, mkubwa wao, alikuwa amekipita kile kibao, kanga imeloa, kisu cha kukatia kamba bado kiko mkononi, na wenzake sita walikuwa nyuma yake.

"Nani kasema?"

"Mimi, Sefu Karama. Endelea kuita, bwana, watu wanakufa."

"Mrisho Tindwa!"

"Nipo, baba," alisema Siwema, mdogo wao. "Na Kassimu Ubwa ni huyu hapa, kifua kimembana lakini atavuta."

Akaendelea. Ligola akaitika. Nassibu akaitika. Dossa akaitika, mama wa wajukuu wanne mwenye mabega mapana.

"Vuai Kidege!"

Kimya.

"Vuai Kidege!"

"Nakuja, nakuja! Ngoja basi nifunge kanga, mbona una haraka hivyo?"

Mbaruku aliwahesabu, wakatimia saba. "Mmeyajuaje majina haya?"

"Miaka kumi na moja unatupigia kelele asubuhi, tutaacha kuyajua?" alisema Bi Mwanahija. "Tulishagawana zamani. Ukiita tunaitika, kila siku. Wewe ndiye husikii. Upepo wa asubuhi unatoka kwako unakuja kwetu."

Mbaruku hakuwa na nafasi ya kulia, kwa hiyo alilia huku anavuta kamba.

"Mmewahi kupiga kasia?" akauliza, magurudumu yalipoanza kuzunguka.

"Mimi nimebeba mwani mbichi kichwani na mimba ya miezi minane," alisema aliyekuwa Dossa. "Hilo kasia lina nini?"

*

Wimbi la kwanza liliwarudisha mchangani. La pili likawarudisha tena, na Vuai akatukana tusi ambalo Mbaruku hakulijua. La tatu walilipata kwa mdomo wa mashua, wakapanda nalo, wakashuka upande wa pili, na makasia sita yakaingia majini kwa pamoja. Mbaruku akiwa kwenye usukani alitazama nyuso zile sita mbele yake. Kwa muda mfupi ambao baadaye aliuonea haya, hakuwa akiwafikiria wanaozama. Alikuwa akifikiri kwamba viti vyote vimejaa.

Galinoma alisimama juu ya jiwe, maji kifuani, ameinua sanduku la mafaili juu ya kichwa. Siwema akarusha kamba kutoka mbele.

"Shika, baba!"

"Mmetumwa na nani?" alifoka Galinoma. "Mna kibali? Mimi siwezi kuokolewa na watu wasiotambulika! Jitambulisheni!"

"Sefu Karama!" alipaza sauti Bi Mwanahija kwa hasira.

"Mrisho Tindwa!" alisema Siwema. "Shika kamba, unatuchelewesha!"

Uso wa Galinoma ukang'aa ndani ya maji ya chumvi. "Nilijua! Doria!" Akaikumbatia kamba. Kipeto hakuwa amengoja utaratibu, alikuwa tayari ndani ya mashua, amejikunja chini ya miguu ya Kassimu Ubwa. Wajumbe wawili wakaingizwa, dereva akaingizwa, mpiga picha akaingizwa bila picha. Keki tu ndiyo haikuokolewa.

Galinoma alipopata pumzi alimtazama aliyeshika usukani.

"Na wewe nani?"

"Mimi sipo, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Endesha."

*

Siku tisa zilizofuata zilikuwa siku nzuri kuliko zote katika maisha ya Mbaruku Shomvi. Akina mama walikipita kibao kila asubuhi. Aliita, wakaitika mbele ya uso wake, kisha wakaketi, kuta nne za banda zikajaa sauti, wakala mihogo, wakasemana, wakamcheka alivyokuwa akinyamaza baada ya kila jina kama imamu aliyesahau aya. Aliyekuwa Ligola alimuuliza mbona mwezi fulani alikuwa akiliita jina lake kwa chuki. Mbaruku aliomba radhi.

Siku ya kumi redio ikatangaza. Mashujaa saba wa Ras Kilemba wametunukiwa Nishani ya Utulivu ya daraja la kwanza, kwa kuwaokoa viongozi kutoka kwenye ajali ambayo haikutokea. Galinoma alihutubia taifa kwa saa mbili. Alisema kwamba ametazama mashujaa wale machoni, na kwamba wanaosema watumishi hewa wapo katika Jamhuri sasa wafunge midomo. Mashujaa wote saba walihamishiwa Makao Makuu kwa heshima. Mashua yao ingefuata, ikawekwe kwenye mzunguko wa barabara kuu, juu ya nguzo, na kurushiwa maji kwa bomba siku za sikukuu.

Lori lilikuja mchana. Mafundi wa mji mkuu hawakujua kuishusha Mama kwenye gari lake, ikabidi Mbaruku awaonyeshe pa kushika.

Wiki hiyo hiyo fungu lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mashujaa, na akina mama wa mwani wakaambiwa wahamie pwani nyingine, mbali, ambako mwani hauoti vizuri lakini hawataharibu mandhari. Bi Mwanahija alikuja kuaga, mzigo kichwani.

"Wewe ita tu," alisema. "Tutaitika huko huko."

"Sitawasikia."

"Mbona hata zamani hukutusikia, na siku zilikwenda?"

"Zamani sikujua, Bi Mwanahija."

Mama yule akautua mzigo, akausawazisha bila sababu, akaupandisha tena, akaondoka. Asubuhi iliyofuata saa kumi na mbili na nusu Mbaruku alisimama ndani ya banda tupu, akafungua mdomo, akaufunga.

*

Mwezi mmoja baadaye barua ilifika, imeandikiwa kituo kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuandikiwa. "Kuhusu ombi la kuletewa mtu mmoja: limekubaliwa."

Mtu alishuka kwenye basi kweli, mwenye miguu miwili na begi. Aliitwa Masanyiwa, askari mlinzi, mtu wa bara ndani kabisa, hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alikuwa ametumwa kulilinda banda tupu la mashujaa. Maagizo yake yalikuwa matatu: asiruhusu mtu kulikaribia banda, atume taarifa kila siku saa nane mchana, na asizungumze kwa namna yoyote na mtu ambaye hayupo. Maelezo ya mtu huyo yaliambatanishwa: mvi, anachechemea kidogo, huenda akakukaribisha chakula.

Masanyiwa alikaa upande mmoja wa baraza, Mbaruku upande wa pili. Mbaruku aliita "karibu," hakujibiwa. Alipika, akaweka sahani katikati. Sahani ilirudi nyeupe, bila asante, maana huwezi kumshukuru asiyekuwepo. Siku kumi na mbili zilikwenda namna hiyo, na zilikuwa mbaya kuliko ile miaka kumi na moja. Kukosa mtu alikuwa amekuzoea. Kumsikia mtu anakohoa hatua sita kutoka kwako, na usiruhusiwe kumuuliza kama anaumwa, hilo lilikuwa geni.

Siku ya kumi na tatu bahari ilichafuka. Mawimbi yalikuwa yakivunjika hadi chini ya ukuta, na Masanyiwa alikuwa amesimama, mgongo umebanwa mlangoni.

"Mimi nasema peke yangu tu," alisema kwa sauti kubwa, akitazama juu. "Hivi haya maji, huwa yanafika mpaka hapa?"

Mbaruku naye aliangalia pembeni, asije akamtisha. "Na mimi nasema peke yangu," alisema. "Hayafiki. Hata ya bamvua yanaishia pale kwenye jiwe jeupe."

Masanyiwa alishusha pumzi, akakaa. "Sasa mtu akipatwa na shida kule, nani anakwenda?"

"Kwa sasa, hakuna."

"Na wale mashujaa saba?"

"Walikuwa wanane," alisema Mbaruku.

Ikafika saa nane. Masanyiwa akatoa fomu yake na kuiweka juu ya goti. Palikuwa na nafasi moja tu ya kujaza: watu waliopo kituoni. Kalamu ikasimama. Akageuza kichwa na kumtazama Mbaruku usoni kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Kwetu sisi," alisema, "mtu mzima haandikwi kwamba hayupo huku anakupikia. Ni laana. Nitaandika wawili."

Tangu alipoweka dole gumba Mbaruku alikuwa akitaka kuandikwa. Akasimama haraka, mkono ameunyoosha kuizuia ile kalamu.

"Usiandike, mwanangu. Andika walivyokuagiza. Wakijua wawili watakuhamisha, na mimi nitabaki na nani?"

Masanyiwa akaandika kwamba yuko peke yake, akapiga muhuri, akaikunja fomu. Kisha akabeba kiti chake mpaka upande wa pili wa baraza, akakaa, na kuuliza kama kwenye chai kuna sukari.